Mizani moja, mafaili manne: kusawazisha kompyuta za Wete na Unguja

Swali: Katibu wa ushirika wa wakulima wa mwani, Wete kisiwani Pemba, anaeleza kwamba ofisini wana kompyuta moja ya mezani, yeye ana laptopu anayorudi nayo nyumbani, karani wao hupiga picha za stakabadhi za mizani kwa simu huko pwani, na mshika fedha wao anaishi Unguja na ana laptopu yake. Kwa muda mrefu wamekuwa wakipelekeana daftari la mizani kwa flashi na kwa WhatsApp, na sasa wamejikuta na mafaili manne, «MIZANI MPYA», «MIZANI MPYA (2)», «MIZANI SAHIHI» na «MIZANI YA MWISHO KABISA», kila moja na jumla yake. Intaneti yao ni bando la simu. Anauliza: wahamie kwenye wingu, yaani mafaili yakae katika kompyuta za kampuni nyingine na kufikiwa kwa intaneti, au ipo njia nyingine? Na wakishavisawazisha vifaa vyote, je, watakuwa wameshajiwekea akiba iwapo kompyuta moja itaharibika?

Jibu: Waalaykumu salaam, Bi Katibu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye hatari, na jibu lake ni hapana. Kusawazisha ni kuvifanya vifaa vyote vifanane, na programu inayofanya kazi hiyo haina namna ya kujua kama mabadiliko unayoipa yametokana na kazi yako au na kosa lako. Ukiongeza mstari, mstari unaongezeka kote. Ukifuta folda, folda inafutika kote, na kwa kasi ile ile.

Miaka michache iliyopita niliitwa mjini Mkoani, kusini mwa Pemba, na mpiga picha za harusi ambaye alikuwa ameunganisha simu mbili na kompyuta moja, akiamini kwamba kazi zake ziko salama mahali patatu. Mwanawe aliona simu imejaa, akafuta video za zamani ili apate nafasi, kisha akaiweka simu kwenye chaji karibu na ruta. Ilipofika magharibi, simu ya pili na kompyuta nazo zilikuwa tupu. Hakikuharibika chombo hata kimoja. Kila kimoja kilitii. Tulichokiokoa ni harusi mbili tu, kwa sababu flashi zake zilikuwa hazijachukuliwa na wenyewe, zimekaa ndani ya kikombe juu ya meza ya studio. Kile kikombe ndicho kilichokuwa akiba yake, ingawa hakukusudia. Nitalirudia jambo hili mbele, baada ya kulimaliza lile la mafaili manne.

Mafaili hayo yamezaliwa kwa sababu watu wawili wameandika katika daftari moja bila kuonana. Tuseme asubuhi ya Jumatatu nakala yako na nakala ya mshika fedha zinafanana. Wewe ukaingiza kilo za siku hiyo Wete, naye, bando likiwa limemwishia, akarekebisha bei Unguja. Usiku mashine mbili zinapokutana, zinakuta nakala mbili zilizotoka kwa mzazi mmoja, na kila moja ina jambo ambalo nyingine haina. Hapo programu haiwezi kuamua ipi ni sahihi, kwa sababu zote mbili ni sahihi nusu. Programu nyingi za kusawazisha, za bure na za kulipia, zikikutana na hali hii huziacha nakala zote mbili na kuipa moja jina jingine, yaani hufanya kwa heshima kile kile mlichokuwa mkikifanya kwa mkono mlipoandika «SAHIHI» na «MWISHO KABISA». Zile zisizofanya hivyo huchukua nakala iliyofika mwisho na kuitupa nyingine kimya kimya, na hizo ni za kuepukwa.

Ni vyema ujue mashine zinatambuaje kwamba pametokea mgongano, maana hapo ndipo kompyuta yenu ya mezani inapoweza kuwaponza. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionesha namna ya kupanga matukio ya mashine zilizo mbalimbali kwa kuhesabu, bila ya kutegemea saa zao, na programu nzuri za leo zimejengwa juu ya fikra hiyo. Kila kifaa kina hesabu yake katika historia ya faili. Hesabu yako ikipanda na ya mwenzako ikabaki ilipo, nakala yako ndiyo mpya, hata kama saa ya kompyuta yako imekosea. Zikipanda zote mbili, huo ni mgongano. Lakini programu nitakayokushauri, baada ya kuutambua mgongano kwa hesabu, huangalia saa ili kuamua ni nakala ipi ibaki na jina lake, na ile yenye tarehe ya zamani ndiyo inayobadilishwa jina. Sasa, kompyuta nyingi za mezani zilizozeeka maofisini mwetu zina betri bapa ndani, aina ya CR2032, iliyokwisha kufa zamani; umeme ukikatika, zinaamka zikidhani ni Januari ya miaka mingi iliyopita. Kompyuta ya namna hiyo itashindwa katika kila mgongano, hata kama kazi iliyofanywa juu yake ni ya leo. Badilisheni betri, muiamuru kompyuta ichukue saa kutoka kwenye intaneti, na mhakikishe ukanda wake wa saa ni wa Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya ule wa kimataifa.

Dawa ya mgongano, hata hivyo, ni kugawana kazi kabla ya kuweka programu yoyote. Kila faili liwe na mwandishi mmoja. Kilo ziandikwe Wete peke yake, katika folda mtakayoiita MIZANI. Bei na malipo yaandikwe na mshika fedha peke yake, katika folda ya MALIPO. Na liwepo faili la tatu la muhtasari ambalo halina anayeandika tarakimu ndani yake, bali linasoma jumla kutoka katika yale mawili kwa fomula. Mshika fedha akiona kosa la kilo, akupigie simu ulirekebishe wewe. Najua hili litamkera mwanzoni, kwa kuwa amezoea kurekebisha mwenyewe, lakini ndilo litakalowaondolea usumbufu kuliko programu yoyote nitakayoitaja hapa.

Kwa programu yenyewe, nakushauri Syncthing. Ni ya bure, ilianzishwa na Jakob Borg mwaka 2013, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuukagua. Tofauti yake na huduma za wingu ni kwamba haina bohari ya katikati: vifaa vyenu vinajuana vyenyewe na kupelekeana mafaili moja kwa moja, kwa njia iliyofichwa kwa usimbaji. Vikiwa chini ya ruta moja vinaonana bila ya kutumia intaneti kabisa, na hili kwenu lina thamani kubwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika huko kusini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo daftari lililoko katika wingu peke yake halifunguki, lakini simu ya karani na kompyuta ya ofisini, zikiwa pamoja chini ya ruta ya ofisi, hazina habari na lolote lililotokea baharini.

Tazama pia upande wa bando, na hapa picha za stakabadhi ndizo za kuzingatiwa, si daftari. Picha moja ya simu ya kawaida inaweza kufika megabaiti 4. Karani akipiga 30 kwa siku, hizo ni megabaiti 120. Zikipitia kwenye wingu, zinapanda mara moja na kushuka mara tatu, yaani kwenye kompyuta ya ofisini, laptopu yako na laptopu ya mshika fedha: jumla megabaiti 480 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya gigabaiti 12 za kununua. Kwa Syncthing, simu inazimwaga picha ofisini bila ya bando hata senti moja, laptopu yako inazichukua hapo hapo, na kinachosafiri kwa kulipiwa ni nakala moja tu inayokwenda Unguja: 120 za kupanda kwenu na 120 za kushuka kwake. Ukiamuru kamera ya simu ipunguze ukubwa wa picha, maana stakabadhi inahitaji kusomeka tu na wala haihitaji kupendeza, hata hizo zitashuka sana.

Faili la daftari lenyewe ni dogo na lisikushughulishe. Nitaje tu, kwa kuwa wengi huahidiwa vinginevyo, kwamba ile sifa ya kutuma vipande vilivyobadilika peke yake, ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliisambaza kwa programu yao ya rsync mwaka 1996, haisaidii sana katika faili la Excel. Faili la xlsx ni kifurushi kilichobanwa. Ukibadilisha kilo moja, sehemu kubwa ya kifurushi hubadilika, na hutumwa karibu lote. Lakini likiwa la kilobaiti 300, litumwe lote tu.

Sasa kasoro zake, kwani zipo. Kwa kuwa hakuna bohari ya katikati, vifaa viwili haviwezi kupelekeana kitu mpaka viwe vimewashwa kwa wakati mmoja. Kompyuta ya ofisini ikiwashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa tisa alasiri, na mshika fedha akawa anafungua laptopu yake baada ya isha, hawatakutana milele, na kila mmoja atadhani programu ni mbovu. Pataneni saa maalumu. Ikishindikana, laptopu yako ndiyo iwe mjumbe: inachukua kila kitu ofisini mchana, na usiku ukiiwasha nyumbani inakutana na ya Unguja. Aidha, mitandao ya simu mara nyingi haiachi vifaa viwili vikaonana moja kwa moja. Hapo mawasiliano hupitia seva za wasaidizi wanaojitolea, ambazo haziwezi kusoma kilichomo lakini huenda polepole. Usishangae picha 30 zikichukua muda mrefu kufika.

Kuweka programu si kugumu. Kila kifaa kina kitambulisho chake, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu uliogawanywa mafungu manane, ambao unaweza kuunakili au kuupiga picha kwa simu kutoka kwenye skrini ya kifaa kingine. Mnatambulishana pande zote mbili, kisha unaishiriki folda na mwenzako anaikubali. Kwa kila folda, namna zitakazowahusu ni tatu: ya kutuma na kupokea, ya kutuma tu, na ya kupokea tu. Folda ya MIZANI iwe ya kupokea tu kwa mshika fedha, na MALIPO iwe ya kupokea tu kwenu Wete. Hivyo hata mmoja wenu akisahau mapatano, alichokibadilisha hakitatoka kwenye mashine yake. Baina ya kompyuta ya ofisini na laptopu yako, ambazo zote ni zako, acheni kutuma na kupokea, kwa sharti moja: funga Excel, tazama mpaka programu iseme kwamba vifaa vimelingana, ndipo uinuke. Ukiliacha daftari wazi ofisini na kulifungua tena nyumbani, umekwisha kuwa watu wawili. Kwa simu ya karani, programu asilia ya Android iliachwa kuendelezwa mwishoni mwa 2024; inayotumika sasa ni tawi lake liitwalo Syncthing-Fork. Iamuru ifanye kazi kwenye Wi-Fi peke yake.

Nirudi kwenye akiba. Usidhani kwamba kuifanya folda ya simu kuwa ya kutuma tu kutakukinga na yaliyompata yule wa Mkoani, kwa sababu kufuta nako ni taarifa, na simu itaituma kama inavyotuma picha. Kinga ipo upande wa anayepokea. Katika kompyuta ya ofisini, fungua mipangilio ya folda ya picha na uwashe utunzaji wa matoleo ya zamani, ukichagua ule wa mfano wa jaa, na uupe siku 90. Tangu hapo, simu ikifuta picha, ofisini picha haipotei. Inahamishiwa katika folda iliyofichika iitwayo .stversions na kukaa humo mpaka siku zake zitimie. Angalia jambo moja ambalo wengi hulikosea: kinga hii hufanya kazi kwa mabadiliko yanayotoka kwenye kifaa kingine tu. Faili utakalolifuta mwenyewe ukiwa umekaa mbele ya kompyuta ya ofisini halitaingia katika jaa la ofisini. Litaingia katika jaa la laptopu, kama huko nako umeliwasha. Kwa hiyo liwashe kote kote.

Hata hivyo jaa halizuii wizi, moto, wala virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha, ambavyo vikiingia kwenye kompyuta moja vitasawazishwa kwa uaminifu mkubwa hadi kwenye nyingine. Nunueni diski ya nje moja, kila Alhamisi alasiri nakilini humo folda zote tatu, MIZANI, MALIPO na ile ya picha, katika folda mpya yenye tarehe ya siku hiyo, kisha ichomolewe na iende kukaa nyumbani kwa mwenyekiti au pengine popote pasipokuwa ofisini. Diski inayoachwa imechomekwa si akiba. Wapiga picha wana kanuni waliyoipata kwa mwenzao Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Nyinyi mkiwa na ofisi, laptopu na diski ya mwenyekiti mmeitimiza bila ya gharama kubwa. Sisi tunaokumbuka Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kushawishiwa kwamba kitu kinachotegemewa kila siku kinaweza kutoweka kwa miezi.

Kwa umeme wa kukatika ghafla, Syncthing haina neno: faili linalopokewa huandikwa kwanza kwa jina la muda na kupewa jina lake halisi likishatimia, hivyo umeme ukikatika katikati utakuta toleo la zamani likiwa zima. Excel ndiyo isiyosamehe. Kompyuta ya mezani iwekeeni UPS, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika.

Wingu silikatai kabisa. Iwapo siku moja mtahitaji watu watatu kuandika jedwali moja kwa saa moja, jedwali la mtandaoni kama lile la Google litawafaa zaidi, kwani hapo hakuna nakala za kusawazishwa. Lipo moja tu na nyote mnaliandika. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15 kwa Google, lakini imo pamoja na barua pepe na picha zenu. Kwa OneDrive ni 5, na kwa Dropbox ni 2. Jihadharini tu na ule mtindo wa kuonesha mafaili ambayo hayamo: jina liko, alama ndogo ya wingu iko pembeni, lakini ukilibonyeza pasipo na mtandao halifunguki. Nimemwona mtu amefika kwenye mkutano wa hesabu na laptopu iliyojaa majina matupu. Lipo agizo la kuweka faili daima katika kifaa, litumieni.

Madogo yaliyobaki: programu ya uhasibu yenye hifadhidata yake msiisawazishe kwa njia hii, maana mafaili yake hubadilika kwa pamoja na nakala iliyochukuliwa katikati ya kazi huenda isifunguke, tumieni amri yake yenyewe ya kutoa nakala, kisha hiyo ndiyo isafiri. Tarehe katika majina ya mafaili iandikwe 2025-03-12, kwani mkwaju, nukta mbili na alama ya kuuliza havikubaliki katika Windows. Na katika orodha ya yasiyosawazishwa andika ~$*, ili yale mafaili ya kivuli ambayo Excel huyaumba ikifunguliwa yasizunguke bure. Orodha hiyo haisafiri, kwa hiyo iandike katika kila kompyuta.

Kabla ya yote hayo, yamalizeni yale manne. Msiweke programu yoyote juu yake yakiwa hivyo yalivyo. Yanakilini kwenye flashi na muiweke kando, kisha ukae na karani na daftari la karatasi la mizani, ambalo ndilo shahidi peke yake aliyekuwapo pwani, mpite siku baada ya siku na kuandika faili jipya moja. Mshika fedha na asome kwa simu tarakimu zake pale mnapotofautiana. Faili hilo likikamilika, liweke katika folda ya MIZANI kwenye kompyuta ya ofisini, na folda za vifaa vingine ziwe tupu kabisa unapoziunganisha mara ya kwanza, ili kisiwepo cha kugongana nacho.